Picha ina chenga, lakini ndiye!

Najua nimepotea wiki mbili bila hata salamu, msinune. Testi zimetubana, bumu limechelewa, na umeme wa hosteli yetu tabia zake mnazijua. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira, kwa hiyo mwenye chungu jikoni akakiepue kwanza maana maneno ni marefu.

Kisa chenyewe ni picha. Picha moja tu, ya Babu yangu.

Hapa chuo kuna kikundi cha wapiga picha. Kila mwaka wanafanya maonyesho, na mwaka huu mada yao ni “Watu wetu”. Tangazo lilibandikwa pale kantini: mwanafunzi yeyote alete picha, zitakazochaguliwa zitachapwa ukubwa wa A4 na kutundikwa ukutani. Sasa mimi si mpiga picha, kamera sina, simu yangu yenyewe kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Lakini nilikuwa na picha ya Babu, na nilivyoona hiyo mada nikasema kama kuna “mtu wetu” basi ni huyu. Nikaipeleka.

Siku tatu baadaye jibu likaja, mstari mmoja: picha haikidhi ubora, kiwango cha chini ni megapikseli 12.

Aliyeniletea jibu ni rumeti wangu. Tunalala chumba kimoja, sukari tunagawana, na yeye ni mjumbe wa kamati. Alikuwa amekaa kitandani anafuta lenzi yake kwa kitambaa laini, ile lenzi aliyoinunua kwa bumu la muhula uliopita halafu tukashindia chapati kavu mwezi mzima.

“Usimaindi, mwanangu,” akaniambia. “Picha ina chenga. Watu watasemaje?”

“Watu gani?”

“Watazamaji.”

“Kwani watazamaji wanakuja kuangalia chenga?”

Akacheka. Halafu akatoa ile kauli iliyonikosesha usingizi: “Watazamaji wa kawaida hawajui picha. Ndo maana tupo sisi.”

Kha! Jamani. Watazamaji wa kawaida hawajui picha? Mama yangu hajui picha? Bibi yangu hajui picha? Basi leo nataka tubishane hapa kwa utaratibu, hoja kwa hoja. Na kabla ya hoja niwasimulie picha yenyewe ilikotoka.

Babu alifariki mwaka juzi, nyumbani Masasi. Kama kawaida ya misiba ya kwetu, inatakiwa picha kubwa ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Baba mdogo akakumbuka kwamba kwenye harusi ya binamu yangu alikuwepo mpiga picha wa kukodi, mwenye kamera ya maana. Akampigia, ikapatikana picha ya Babu amevaa koti, amekaa wima kama yuko mahakamani. Ikapelekwa studio ikakuzwe, ikatiwa fremu ya dhahabu. Hela iliyotumika sitaitaja.

Wadau, ile picha ilikuwa kali. Vifungo vya koti ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Rumeti wangu angeiona angeipigia saluti.

Bibi akaletewa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akaikalia kimya. Mwisho akaniita. Bibi yangu huniita mume wake, si mnajua utani wa mabibi na wajukuu, hata msibani hakuuacha.

“Mume wangu, huyu mtu ni nani?”

“Ni Babu, Bibi.”

“Babu gani? Nembo zake ziko wapi?”

Nikaangalia tena. Kweli! Babu alikuwa mtu wa zamani, amechanjwa nembo usoni kama wazee wengi wa kule kusini wa rika lake: mistari kwenye paji la uso na mashavuni. Fundi wa studio alikuwa “amemsafisha” kwa kompyuta. Nembo zimefutwa zote. Mikunjo imefutwa. Ngozi imefanywa laini na nyeupe, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Alikuwa mzee mzuri sana, ila hakuwa wa kwetu.

“Huyu siye,” Bibi akasema. “Mkimweka huyu juu ya jeneza, tutakuwa tunamzika nani?”

Pale ndani hakuna aliyejibu. Fremu ya dhahabu ikageuzwa ikaegemezwa ukutani.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Akatoa simu akatafuta weee, mpaka akaipata picha aliyotumiwa na mjomba, ambaye na yeye alitumiwa na jirani aliyeipiga. Kufika kwetu ilikuwa imeshapita simu tatu. Babu amekaa chini ya mkorosho, saa kumi jioni hivi, kofia ameiweka gotini, anamcheka mtu ambaye haonekani. Tukakimbia nayo steshenari ya karibu na stendi, ikachapwa kwenye karatasi ya kawaida ya A4. Chenga tupu! Sikio la kushoto limeungana na majani ya mkorosho hata hujui linaishia wapi. Lakini jua lilikuwa linampiga kutoka ubavuni, na kila mstari wa nembo ulikuwa na kivuli chake kidogo. Zilionekana zote.

Bibi akaiangalia mara moja tu. “Haya. Ndiye.”

Basi ikawekwa juu ya jeneza, watu wakapita. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa, kwa hiyo nilisikia walichokuwa wanasema. “Ona anavyocheka.” “Kofia hiyo hiyo.” “Hapo ni kwenye ule mkorosho wake.” Mzee mmoja aliiambia ile karatasi, “Umetutangulia, bwana,” akapita. Wapo waliolia, wapo waliotabasamu. Aliyesema “picha ina chenga” sikumsikia.

Hiyo ndiyo picha waliyoikataa.

Sasa tuje kwenye hoja. Naanza na hesabu, kwa sababu rumeti anapenda namba.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya kawaida tunayoiosha studio, ile ya inchi 6 kwa 4, ukiichapa vizuri kabisa kwa nukta 300 kila inchi, inataka nukta 1800 kwa 1200. Zidisha: milioni 2 na laki 1 na kitu. Yaani kamera ya rumeti inapiga megapikseli 24, halafu kwenye albamu ya mama yake zinaonekana 2. Nyingine zote, sehemu 10 kati ya 11, zimebaki kwenye kadi ya kumbukumbu zinakula nafasi. Skrini au projekta ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, nayo ni milioni 2 na kidogo. Na WhatsApp, ambako ndiko picha zetu nyingi zinakoishi siku hizi, kwa kawaida huibana picha kabla ya kuituma. Tangu Agosti 2023 wameweka chaguo la kutuma kwa HD, lakini kwenye kundi la ukoo wetu sijaona shangazi hata mmoja aliyeligusa. Wanatuma, wanapokea, wanalia, wanacheka, maisha yanaendelea.

Turudi kwenye A4 yao ya maonyesho. Jicho la mtu mwenye afya linatofautisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa kama sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukisimama mita 2 kutoka ukutani, hiyo ni kama milimita 0.6. Nukta zikikaribiana kuliko hapo, jicho linaziona ni kitu kimoja. A4 ni milimita 297 kwa 210. Piga hesabu mwenyewe: kwa umbali huo jicho lako haliwezi kuchambua hata nukta laki 2. Kamati inataka milioni 12! Zaidi ya mara 60 ya kile ambacho mtazamaji aliyesimama pale anaweza kukiona, hata awe tai.

Rumeti akasema, “Je, akisogea karibu?” Haya, na asogee. Sentimita 30, pua karibu iguse karatasi, kama anatafuta chawa. Hapo anaweza kuchambua kama nukta milioni 8. Bado si 12, mwanangu. Bado si 12.

Sasa jamani, kama jicho halizioni, hizo nukta za ziada ni za nani? Ni za mpiga picha. Ni za kumringishia mpiga picha mwenzake. Sisemi ni dhambi, hata mimi nikiwa na gari nitafungua boneti nionyeshe injini. Lakini abiria usimwambie hajui safari kwa sababu hakuuliza injini ina silinda ngapi.

Hoja ya pili. Picha zilizoingia kwenye vichwa vya watu, nyingi hazikusubiri ubora.

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani yalishuka ufukwe wa Omaha kule Normandy, Ufaransa, huku yakimiminiwa risasi. Robert Capa alikuwa humo majini na kamera yake, akilipiga picha jarida la Life. Picha chache zilizobaki ziko vile vile tunavyozijua: zimetikisika, zina chenga, mwanajeshi ameinama kwenye maji na sura yake huioni vizuri. Life wakazichapa mwezi ule ule. Leo zimepita miaka zaidi ya 80, bado mtu akisema uvamizi wa Normandy, hizo ndizo zinazomjia akilini. Capa mwenyewe alipoandika kitabu chake cha kumbukumbu za vita mwaka 1947 akakipa jina Slightly Out of Focus, yaani fokasi imekosa kidogo. Mwenyewe anatania! Angepeleka kwa kamati ya hosteli yetu wangemrudishia.

Njoo karibu zaidi. Tarehe 10 Aprili 2019 wanasayansi walitoa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa kama miaka ya nuru milioni 55. Walitumia darubini za redio za sehemu mbalimbali duniani zikafanya kazi kama darubini moja. Na matokeo? Duara la rangi ya chungwa lenye ukungu, kama andazi lenye tundu lililopigwa picha na mtu mwenye homa. Dunia nzima ikasimama kuliangalia. Watazamaji wa kawaida, ambao eti hawajui picha, walijua kabisa wanachokiangalia kina thamani gani.

Na ya nyumbani je? Mwalimu Nyerere anachanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar, Aprili 1964. Shule niliyosoma vitabu vilikuwa vichache, tukifotokopi. Halafu tunafotokopi fotokopi. Mpaka inanifikia mimi darasa la mwisho, ile picha ilikuwa imebaki mabaka meusi na meupe. Ukimuuliza mtoto yeyote pale darasani hiki nini, anakujibu kabla hujamaliza swali. Mabaka yale yalitosha.

Nilifanya na jaribio langu dogo hapa hosteli, la kihuni tu. Nilichukua picha moja tuliyopigwa korido nzima kwa hiyo hiyo kamera ya rumeti. Nikaiosha mara mbili, inchi 6 kwa 4: moja kama ilivyo, nyingine nimeipunguza mpaka megapikseli 2. Nikapita vyumbani nauliza, ipi nzuri? Mmoja akaniuliza mbona nimevaa shati la mwenzangu. Mwingine akasema zote mbaya, amefumba macho. Wa tatu akaomba amtumie mama yake. Wakashindana nani katoka vizuri, nani kanenepa. Swali langu likafia pale pale. Sidai huu ni utafiti, msije mkaninukuu kwenye ripoti zenu. Nasema tu kwamba niliwapa karatasi mbili na wao wakaona watu.

Hapo sasa niwe mkweli, maana nikijifanya ubora si kitu kabisa nitakuwa mwongo kuliko fundi wa studio.

Ubora una mahali pake. Daktari anayesoma picha ya eksirei hatafuti kumbukumbu, anatafuta ufa kwenye mfupa. Mchora ramani anataka kila kichochoro. Anayechapa bango la ukuta mzima halafu watu walisogelee, hawezi kutumia picha iliyopita simu tatu. Rumeti mwenyewe akipiga harusi ya mtu kwa hela, ni haki ya maharusi kupata picha safi, na akiwaletea chenga wamdai. Nakubali pia kwamba picha yenye nukta nyingi unaweza kuikata na kuikuza kesho bila kuharibika. Yote haya ni kweli.

Na watazamaji wa kawaida wenyewe wanalalamika, tena sana! Ukimkata mtu kichwa atakwambia. Ukimpiga amefumba macho atakwambia. Ukimpiga dhidi ya dirisha akatoka mweusi kama chungu, macho na meno tu, atakwambia kwa ukali. Sasa angalia hayo malalamiko yanaelekea wapi. Yote yanauliza kitu kimoja: je, huyu ndiye? Hicho ndicho kipimo chao, na nasema ni kipimo kigumu kuliko megapikseli. Megapikseli unanunua dukani. “Ndiye” hainunuliki.

Tena hicho kipimo, wenye viwanda wamekifeli miaka mingi, huku karatasi zao zikisema ubora uko juu. Zamani za filamu za rangi, Kodak walikuwa wanapelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley, jina la mfano wao wa mwanzo. Fundi akishaona ngozi ya Shirley imetoka vizuri, basi mashine imewekwa sawa. Na sisi je? Tunatoka vivuli. Mtafiti Lorna Roth wa Canada aliandika mwaka 2009 habari za kadi hizo baada ya kuzungumza na watu waliofanya kazi humo. Walimweleza kwamba kilichosaidia kuwasukuma kuboresha filamu upande wa rangi za kahawia ni malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Mbao zao na chokoleti zao zilikuwa hazitoki vizuri! Soma tena hiyo sentensi, halafu uniambie nani alikuwa mtazamaji “wa kawaida” hapo.

Na si mambo ya kale. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakitangaza kwamba wameirekebisha ili ngozi nyeusi zitoke kwa rangi yake. Nawapongeza. Lakini kama walihitaji kurekebisha mwaka 2021, maana yake miaka yote hiyo ya nyuma megapikseli zilikuwa zinapanda na nyuso zetu bado zilikuwa hazitoki sawasawa. Namba ilikuwa inakua upande mmoja, na swali la Bibi lilikuwa linasubiri upande mwingine.

Ndiyo maana ile picha ya studio imenikaa rohoni. Kwa kipimo cha rumeti ilikuwa na kila kitu. Fokasi ipo, nukta zipo, mwanga umesambaa vizuri. Na kwa vyote hivyo ilimfuta mzee wa watu. Ile ya chini ya mkorosho haikuwa na kitu, ila jua la ubavuni, na jua likafanya kazi ambayo kompyuta ya studio ilikataa kuifanya.

Rumeti, ambaye kichwani si mjinga, akanirudi: “Lakini watu wenyewe ndio wanaotaka kusafishwa. Wewe mwenyewe ile picha yako ya WhatsApp umejipaka nini?” Watu wa korido wakacheka, na mimi nikacheka maana kanikamata. Ni kweli. Watu tunapenda kutoka vizuri. Seydou Keïta alifungua studio yake kule Bamako, Mali, mwaka 1948, na alikuwa na suti, saa, hata redio za kuwaazima wateja wapige nazo picha. Wakapendeza, na picha zile leo zinatundikwa makumbusho makubwa duniani. Lakini jamani, mteja wa Keïta alichagua mwenyewe saa ya kuvaa. Alijitengeneza awe vile anavyotaka kukumbukwa. Babu yangu hakuulizwa. Kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akaamua kwamba alama za ukoo wake ni uchafu wa picha. Ukijichagulia urembo ni wako. Ukifutwa na mwingine hilo ni jambo jingine kabisa, na msiniletee habari za ubora hapo.

Kwa hiyo kamati, kama mnasoma (na najua mnasoma, mmoja wenu analala mita moja kutoka nilipo), ombi langu ni dogo. Futeni ule mstari wa megapikseli 12. Mkitaka kuchuja picha, chujeni kwa macho. Itundikeni kwa muda, simameni mita 2, mwiteni mpishi wa kantini, mlinzi wa geti, mama anayeuza karanga, muwaulize wanaona nini. Wakiishia kusema “sioni kitu”, ikataeni, sitalalamika. Wakianza kuuliza “huyu nani?”, basi iacheni ukutani, kazi imeshafanyika.

Na nyie wadau wengine, msingoje kamera nzuri. Nasema hili kwa uchungu. Picha ya Babu ipo kwa sababu jirani mmoja hakungoja. Likizo hii ukienda nyumbani, mpige bibi yako na simu hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka. Mtoe gizani, mweke mahali jua linamfikia usoni, mwache acheke. Halafu ioshe, na nyuma ya karatasi uandike kwa kalamu jina lake, mahali na mwaka. Simu itaibiwa, kundi la ukoo litafutwa, lakini karatasi yenye jina nyuma, hata iwe na chenga, wajukuu zako watajua ni nani.

Nimalizie na la jana. Baada ya kukataliwa, nilichukua ile A4 nikaibandika kwenye mlango wa chumba chetu kwa nje. Nikaandika chini yake: Maonyesho ya Mtu Mmoja, Kiingilio Bure. Utani tu wa kuwakera kamati.

Asubuhi nasikia deki imesimama koridoni. Nikafungua mlango. Mama anayefanya usafi ghorofa yetu amesimama mbele ya picha, ndoo iko chini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu mzee ni wa kwenu?”

“Ni babu yangu.”

“Kwenu kusini, eeh? Masasi au Newala?”

“Masasi. Umejuaje, mama?”

Akanishangaa kama vile nimeuliza jua linatoka wapi. Akanyanyua kidole, hakuigusa karatasi, akafuata ile mistari ya paji la uso kwa mbali. “Si nembo hizi. Baba yangu alikuwa nazo.” Akaiangalia kidogo zaidi. “Anacheka kweli huyu.” Akachukua ndoo yake akaendelea na kazi.

Rumeti alikuwa kitandani, macho wazi. Alisikia kila kitu. Hajasema neno na mimi sijamuuliza. Ila jioni nimekuta kuna mtu amebandika upya kona ya juu ya picha, ilikuwa imeanza kubanduka.

Naomba kutoa hoja. Taa zimeanza kucheza, ngoja niitupe hewani kabla umeme haujakata.